Mbuzi Kwenye Gunia Lenye Picha

Picha ninayotaka kuihakiki ina watu wanne, sofa moja nyeupe na nyangumi. Baba na mama wamekaa kwenye sofa, watoto wawili wako chini kwenye zulia, na ukutani mbele yao nyangumi anaruka kutoka baharini, mkubwa kiasi cha kuujaza ukuta. Juu ya meza, kando ya kikombe cha chai, kuna kifaa cheupe kinachotoa mwale wa buluu. Mapazia yako wazi na jua la mchana limelala sakafuni. Chini yake muuzaji ameandika: "Sinema nyumbani kwako. 1080P. Inaonyesha vizuri mchana na usiku. Ofa ni wiki hii tu."

Niliitazama picha hiyo kwa siku tisa kabla ya kulipa. Nalitaja hilo kwa sababu mtu akilizwa mtandaoni, watu huamini kwamba hakutazama vizuri. Mimi nilitazama. Nasoma shahada ya uzamili ya fasihi, na kutazama vizuri ndiyo kazi ninayoilipia ada. Nilisoma maoni ya wateja, nikaikuza picha kwa vidole viwili, nikalinganisha bei kwenye kurasa nne tofauti. Kisha nikatuma shilingi 135,000 kwa simu, pesa ya miezi miwili ya kufundisha tuisheni, na nikajibiwa: "Asante dada, mzigo utakufikia."

Nilikuwa nanunua projekta kwa ajili ya bibi. Bibi mzaa mama aliishi Pangani na alikuwa mtambaji wa ngano, ingawa yeye mwenyewe asingejiita hivyo. Angesema tu kwamba watoto hawalali bila kusimuliwa. Nilipokuwa mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza nilimrekodi kwa simu kwa ajili ya kazi ya fasihi simulizi. Kazi ilihitaji ngano mbili. Bibi alipomaliza ya pili hakunyamaza, nami sikuzima simu. Tuliishia na ngano kumi na moja, zaidi ya saa tatu za video. Alifariki mwaka jana, wiki chache baada ya Idi. Mwaka huu, Idi ya kwanza bila yeye, ukoo mzima ulikubaliana kukutana nyumbani kwake. Wamo vitukuu waliomkuta tayari mgonjwa, amelala upande mmoja, hasemi. Nilitaka wamwone kwenye ukuta wa nyumba yake, mkubwa kuliko alivyopata kuwa, akilipiga goti lake kwa kiganja kila anapofika mahali patamu.

Mzigo uliletwa hosteli na bodaboda siku moja kabla ya safari. Niliuwasha saa tisa alasiri, nikauelekeza ukutani, nikaona doa la mwanga hafifu lenye umbo la dirisha. Moyo ulishtuka kidogo. Nikafunga pazia. Doa likawa na rangi. Nikajiambia kwamba tatizo ni Dar es Salaam, kuna mwanga mwingi mno. Pangani giza lipo la kutosha. Nikakirudisha kifaa ndani ya boksi, na boksi lilikuwa na picha ileile ya nyangumi.

Usiku wa Idi mosi baba mdogo alitandika mikeka uani. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa wiki ile. Taa zikazimwa, watoto wakasogezwa mbele, projekta ikaanza kunguruma kama feni ya zamani. Bibi akatokea. Alikuwa na ukubwa wa sinia la pilau, wa kijivu, bila macho. Nilipouvuta mwanga umpate usoni, mikono ikapotea. Nilipoisogeza mashine nyuma ili awe mkubwa, akafifia hadi ukuta ukamshinda. Khanga yake nyeusi, ile aliyoichagua mwenyewe siku ya kurekodi, ilikuwa na rangi ya chokaa.

Mtoto mmoja akauliza, "Bibi yuko wapi?"

"Si yule pale."

"Wapi?"

Mama akainuka, akaenda hadi ukutani amwonyeshe kwa kidole, na kivuli chake kikafunika kila kitu. Mama mkubwa akageuka akanitazama. "Imetoka vizuri, mwanangu," akasema. Ningependa angesema imeharibika.

Niliporudi chuoni niliifungua tena picha ya nyangumi, safari hii niisome kama nilivyopaswa kuisoma siku ya kwanza. Sote tuliopita sekondari hapa nchini tulifundishwa kuigawa kazi ya fasihi kwenye mafungu mawili, fani na maudhui. Vyuoni huwa tunaona aibu kidogo kwa mgawanyo huo, lakini nilikuwa na hasira, na mwenye hasira hurudi kwenye silaha ya kwanza aliyoizoea.

Nikaanza na mandhari. Chumba kina jua. Ukuta ni mweupe. Nyangumi ni mweusi kuliko kitu chochote chumbani, mweusi kuliko nywele za watoto, mweusi kuliko kivuli kilicho chini ya sofa. Hapo palitosha, na siku zote tisa sikupaona. Projekta hutupa mwanga. Haiwezi kutupa weusi. Sehemu nyeusi ya picha yake ni sehemu ya ukuta iliyoachwa bila kumulikwa, kwa hiyo haiwezi kuwa nyeusi kuliko ukuta wenyewe ulivyo wakati huo. Ukuta mweupe wenye jua hauwezi kubeba nyangumi mweusi, hata ukiuelekezea mashine ya mamilioni. Ndiyo maana kumbi za sinema huzima taa. Nyangumi yule alibandikwa, na kulijua hilo hakuhitaji utaalamu wa kompyuta. Kunahitaji kujiuliza weusi unatoka wapi.

Wahusika. Baba anatazama juu ya kichwa cha nyangumi. Mama anamtazama mtoto mdogo. Watoto wanacheka, macho yao yakielekea kushoto, mahali ambapo ukutani hapana kitu. Hakuna hata mmoja anayemtazama nyangumi aliyejaa sebule yao. Wiki mbili baadaye niliikuta familia hiyohiyo kwenye tangazo la kiyoyozi: nguo zilezile, kicheko kilekile, na mahali pa nyangumi pamewekwa kiyoyozi. Hata hicho hawakuwa wakikitazama.

Matumizi ya lugha. Tangazo lina "1080P" bila kitenzi. Kitenzi nilikikuta kwenye kijitabu cha maelekezo, kwa herufi ndogo: mashine "inapokea" video za 1080P. Kupokea si kuonyesha. Video ya aina hiyo, kama zile nilizomrekodi bibi, ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, jumla 2,073,600. Ukurasa wa mwisho wa kijitabu unasema kioo cha ndani cha mashine kina nukta 320 kwa 240, jumla 76,800. Ukigawanya unapata 27. Yaani mashine ilipokea uso wote wa bibi kwa heshima, kisha ikazibana angalau nukta 27 kuwa moja ili zipate kupita. Macho yake hayakupita. Neno moja lilikuwa limefichwa, na kwa kulificha muuzaji hakuandika tarakimu hata moja ya uongo.

Mwaka 1980 Roland Barthes alichapisha kitabu chake kuhusu picha, alichokiandika baada ya kufiwa na mama yake, akimtafuta katika picha za zamani. Alimpata katika picha ya utotoni, na picha yenyewe hakuiweka kitabuni. Hoja yake inayotajwa sana madarasani ni kwamba picha, tofauti na mchoro, hushuhudia kwamba kitu fulani kilikuwapo mbele ya kamera. Niliisoma hoja hiyo nikaiona ya kizamani, kwa kuwa siku hizi kila mtu anajua picha hutengenezwa. Baada ya Pangani naiona kwa jicho lingine. Familia ilikuwapo mahali fulani. Nyangumi alikuwapo mahali fulani. Lakini hakuna dakika hata moja duniani ambapo watu wale walikaa sebuleni mchana wakaona kile ukutani. Bibi alikuwapo. Siku ile, kwenye kiti kile, na kuku akipita nyuma yake. Nilikinunua kifaa kwa picha ya jambo ambalo halikutokea, nacho kikashindwa kuonyesha jambo lililotokea.

Nilimwandikia muuzaji. Sikumtukana. Nilimtumia picha ya ukuta wangu kando ya picha yake. Akajibu kwa upole: "Dada, hizo picha ni za kampuni, sisi tunauza tu. Halafu kamera haiwezi kuonyesha mwanga halisi wa projekta, ndiyo maana wanaediti."

Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na mhakiki hapaswi kuuruka. Ukiipanga kamera iione sebule yenye mwanga, picha ya projekta itapauka. Ukiipanga ipate picha ya ukutani, sebule itakuwa giza. Hata mwenye mashine nzuri kabisa atapata shida kuipiga picha moja inayoonyesha vyote viwili. Kwa hiyo anabandika, na anaweza kujiambia kwamba amerekebisha tu upungufu wa kamera.

Hoja ya namna hiyo iliwahi kufika Mahakama Kuu kabisa ya Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Colgate-Palmolive ilionyesha kwenye televisheni jinsi krimu yake ya kunyolea ilivyolainisha hata msasa: krimu inapakwa, wembe unapita, msasa unanyoleka. Kilichonyolewa hakikuwa msasa. Kilikuwa kipande cha plastiki angavu kilichomwagiwa mchanga. Msasa halisi uliweza kunyolewa, lakini baada ya kulowekwa kwa takriban dakika 80, na watengenezaji walijitetea kwamba msasa halisi usingeonekana kama msasa kwenye televisheni ya wakati ule. Mwaka 1965 mahakama iliukataa utetezi huo. Kwa maneno yangu mwenyewe, ilisema hivi: kama chombo chako hakiwezi kuonyesha jaribio kwa ukweli, basi chombo hicho hakifai kwa jaribio hilo. Usimwambie mtazamaji kwamba ameona kwa macho yake kitu ambacho hakukiona.

Sisi pia tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mnunuzi. Ila nauli za kuifuatilia shilingi 135,000 zingeimaliza yenyewe kabla shauri halijafika popote, na nadhani wauzaji wa vitu vya bei hiyo wanaijua hesabu hiyo vizuri.

Hapa ningeweza kumaliza kwa kudai kwamba picha za biashara zisiseme uongo. Lakini siwezi kudai hivyo kirahisi, kwa sababu nilichokwenda kukionyesha Pangani kilikuwa uongo mtupu. Sungura anayemshauri simba. Mzimu unaoomba chumvi. Kisima kinachojibu. Bibi alitudanganya kila usiku, na tulimpenda kwa hilo.

Tofauti iko mlangoni. Kabla ya kuanza, bibi aliita "Paukwa!" na sisi tukaitika "Pakawa!" Akasema "Hadithi! Hadithi!" na sisi tukajibu hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Tazama nani anayeuita uongo. Ni msikilizaji. Anaufungulia mlango kwa mdomo wake mwenyewe, tena kwa jina lake. Baada ya hapo msimulizi ana ruhusa ya kuupeleka mbali atakavyo, na ngano ikiisha, mlango unafungwa kwa maneno mengine na watu wanarudi duniani.

Picha pia zinaweza kuwa na mlango huo. Miaka ya 1990, karibu na kivuko cha Likoni kule Mombasa, wapiga picha walikuwa na vibanda vyenye mapazia yaliyopambwa kwa meli, ndege na majengo makubwa. Mtu aliyetoka bara kutafuta kazi alisimama mbele ya ndege, akapigwa, akaondoka na picha yake. Ndege ilikuwa ya rangi na karatasi, na pazia lilikuwa pazia mbele ya macho ya kila aliyekimbilia feri. Mpigaji alijua, mpigwaji alijua, na mpigwaji ndiye aliyechagua asimame mbele ya nini. Sidhani kama kuna aliyeondoka pale akilalamika kwamba ndege haikuruka.

Picha ya nyangumi haina paukwa. Hakuna aliyeniuliza kama nataka uongo. Nimegundua pia kwamba ule msemo wetu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia hautoshi tena. Anayenunua mbuzi kwenye gunia lililofungwa anajua kwamba hajamwona mbuzi. Anaweza kulipapasa, kusikiliza kama linalia, kukataa. Gunia lenyewe linamwonya. Gunia langu lilikuwa na picha ya mbuzi mnono juu yake, imepigwa kutoka pande sita, inakuzwa kwa vidole viwili. Sikuhisi kwamba nanunua bila kuona. Nilihisi kwamba nimemtazama mbuzi kwa siku tisa.

Ningekuwa na amani zaidi kama hasira yangu ingeishia kwa muuzaji. Lakini dada yangu anauza madera kwa WhatsApp, na mpiga picha wake ni mimi. Ninazikoleza rangi. Ninaulainisha mkunjo wa kitambaa. Maneno "rangi inaweza kutofautiana kidogo kutokana na mwanga", yanayokaa chini ya kila picha yetu, niliyatunga mimi. Mwezi Februari mama mmoja wa Morogoro alituandikia kwamba dera alilolipokea ni la kahawia, na yeye aliagiza la zambarau alivae kwenye harusi ya mwanawe Jumamosi. Dada alikuwa sokoni, kwa hiyo nilimjibu mimi. Nimeutafuta ujumbe huo nikaupata: "Pole sana mama. Kamera huwa haionyeshi rangi halisi."

Niliusoma mara mbili, kisha nikamwonyesha dada. Nilimpendekezea tuanze kupiga picha mlangoni, saa tatu asubuhi, bila kugusa rangi, na picha moja ya ndani tuonyeshe mshono. Dada alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Wenzetu wote wanakoleza. Sisi tukiacha, ya kwetu ndiyo yataonekana yamechuja. Mteja atanunua kwa mwingine, na huko atapata hilihili la kahawia."

Sikuwa na jibu la haraka, na bado sina lililo kamili. Ana haki. Picha ya kweli ikiwekwa katikati ya picha zilizokolezwa husomeka vibaya, kwa kuwa macho ya mteja yameshazoea kupunguza. Ataipunguza na ya kweli pia. Kwa hiyo muuzaji mwaminifu anaadhibiwa na macho yaliyofundishwa na wengine. Tumekubaliana kuweka picha mbili: ya kwanza ile ya kuvutia, ya pili ya mlangoni, na chini yake tumeandika "hili ndilo utakalopokea". Madera ya rangi kali yanauzika kama zamani. Ya zambarau yamepungua. Dada ananikumbusha kila mwisho wa mwezi, na yuko sahihi kunikumbusha, kwani kodi ya chumba analipa yeye.

Muuzaji wa projekta hakurudisha pesa. Alinipa punguzo la asilimia kumi kwa mashine kubwa zaidi. Nilifungua tangazo lake. Familia ni nyingine, na ukutani kuna simba.

Usiku ule wa Idi, baada ya mama mkubwa kusema imetoka vizuri, niliizima video. Baba mdogo aliiinamisha projekta chini ikaangaza viatu, watu wasije kupotezana ndala. Nikaiweka simu ndani ya sufuria tupu ili sauti ipate nguvu, kioo kikitazama chini, nikacheza rekodi hiyohiyo bila picha. Palikuwa na mkwaruzo kidogo, kuku mmoja, kisha sauti ya bibi, karibu kabisa: "Paukwa!"

Kwenye rekodi ninayeitika ni mimi peke yangu, kwa sauti ya mwanafunzi anayewahi kumaliza kazi ya darasani. Uani waliitika watu zaidi ya ishirini, na sauti yangu haikusikika. Bibi akasema hadithi, hadithi. Wakamwitikia uongo uje. Yule mtoto akauliza tena bibi yuko wapi, na safari hii mama yake hakunyoosha kidole. Alimvuta karibu na sufuria.